Kistari Penye Jina la Mchoraji

Nekesa dadangu,

Goti la Mama liko aje? Huku Kawangware matope yamekula viatu vyangu vya harusi, na wifi yako ananicheka.

Leo nilipeleka kitabu chetu cha darasa la pili kwenye kibanda cha fotokopi pale Gatina, nikitaka nakala ya kitabu kizima kwa ajili ya shule ya rafiki yangu. Mama mwenye mashine akakataa.

"Mwalimu, kibali chetu cha kunakili vitabu ni cha kurasa chache tu. Nikitoa kitabu chote, mwandishi atakula nini?"

"Mwandishi ni mimi!"

"Ai! Kila siku mwandishi huja hapa, na kila siku ana sura ingine." Akafunua ukurasa wenye picha ya kuku. "Na aliyechora huyu je? Watoto wangu wanampenda kuliko hayo maneno."

Nikanywea. Kwenye fomu ya mchapishaji ya kugawana pesa ambazo vibanda kama hivi hulipia vibali, penye jina la mchoraji nilikuwa nimeweka kistari tu, mtu bure mimi. Nimetoka hapo moja kwa moja hadi kwa mchapishaji, nikaandika jina lako juu ya kile kistari kwa herufi kubwa.

Fomu itakufikia, utie sahihi. Mungu akutunzie huo mkono, mdogo wangu.

Kakako,
Wafula