Wanamtazama Miwani Kwanza

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo baba? Wifi yangu hajambo, na mapacha je? Ule mgongo umetulia? Sisi wazima, ila goti langu linanung'unika nikikanyaga cherehani. Mwandiko utanisamehe, shule unajua niliishia njiani.

Umeniuliza gitaa lako umpe mpwa wako au uliuze. Ndugu yangu, sijui nikujibu nini. Anasema anapenda muziki, lakini huo upendo wenyewe siuamini.

Kila Jumamosi wenzake wanajazana sebuleni kwangu kusikiliza nyimbo. Mkubwa wao wanamwita Miwani. Wimbo ukianza, hakuna anayetikisika, macho yote kwa Miwani. Akitikisa kichwa, wanatikisa. Akikunja pua, wimbo umekwisha. Wiki iliyopita mpwa wako alikuwa anarukaruka, Miwani akaguna tu, naye akakaa: "Hata mimi sijaupenda kihivyo." Muongo! Nilimwona kwa macho yangu.

Sasa sikia kituko. Ile flashi uliyonitumia, yenye nyimbo zako za ujanani, niliisahau juu ya redio kabla hata sijaisikiliza. Jana wakaichomeka wakidhani ni ya kwao. Mimi niko chumbani napiga pindo, mara nasikia sauti yako! Mguu ukaganda. Miwani akafumba macho: "Sikilizeni hilo gitaa, jamani!" Basi, vichwa vyote juu chini kama kuku wanaodonoa. Mpwa wako naye: "Huu ni moto!" Wangejua ni mjomba mwenye kipara! Nikaendelea na pindo langu.

Tangu hapo nina shaka tupu. Aliupenda wimbo, au alikipenda kichwa cha Miwani? Na mimi ninayekusifu miaka yote, nasifu wimbo au kwa kuwa ni wewe?

Leo asubuhi mpwa wako alikuwa peke yake anaosha vyombo. Akaanza kuuimba wimbo wako, polepole. Nikasimamisha cherehani nisikie. Akanyamaza, akageuka, akanitazama usoni. Ungekuwepo! Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. Nikainamia kitambaa changu, nikakanyaga. Kitambo kidogo akaendelea palepale alipoachia, sauti juu kuliko mwanzo.

Msalimie sana wifi, na mapacha uwabane mashavu kwa niaba yangu. Mungu akutunze, mgongo na vidole vyako.

Gitaa usiliuze. Lifunge kwenye blanketi, ulitume. Na wimbo ni wa nani, usimwambie kwanza.

Dada yako akupendaye siku zote,
Fundi