Triko ya Furaha

Bunia, siku ya ine ya juma. Mvua tangu asubui, baridi inaingia chini ya mulango.

Nianze na habari ya afya, vile mama yangu ananiulizaka kwa telefone kutoka Aru. Bwana yangu, malaria imemuacha, amerudi kazini. Jirani yetu Mama Riziki, yule alikimbia vita upande wa Beni, goti halimuumi sana.

Furaha, mutoto wetu, anakohoa. Siku tatu. Usiku kifua kilikuwa kinapiga filimbi. Muganga alisema haijafika mu mapafu, ila asipate baridi tena.

Leo mama aliniuliza: «Na ile triko ya sufu nilimufumia?»

«Iko mu sakoshi, mama.»

«Sakoshi gani?»

Nikageuka kuangalia mulango.

Sakoshi ya kukimbia vita. Iko nyuma ya mulango tangu tulipolala mu kanisa wiki mbili: triko, karatasi za batizo, sabuni, chumvi. Sasa wanasema kuko amani, na kweli soko inajaa. Nilijiambia, nikitoa triko, siku ya kukimbia mutoto atapata baridi mu pori.

Basi nikamuacha apate baridi mu nyumba.

Naandika hii na haya.

«Weye,» mama akasema, «vita iko leo? Mutoto iko mugonjwa leo.»

Nikafungua sakoshi, nikamuvalisha Furaha. Triko ilikwama kwa kichwa, kisha mikono ikaishia kwa viwiko. Mama Riziki, aliyetuletea uji ya moto, alicheka mpaka akashika lile goti lake.

«Mama Furaha! Mutoto amekomaa, triko imebaki ku vita!»

Nilicheka na miye, machozi yakatoka.

Akaenda kwake, akarudi na blanketi. Ilikuwa na mikunjo ya zamani na harufu ya sabuni. Sikumuuliza ilitoka wapi.

«Hata siye sakoshi yetu iko nyuma ya mulango,» akasema polepole, akamufunika Furaha.

Sasa ni saa kumi. Mutoto amelala, nimeweka sikio kwa kifua chake mara nne. Filimbi haiko.

Karatasi za batizo nimeziweka juu ya kabati. Kesho naenda sokoni na ile sakoshi. Kisha itarudi nyuma ya mulango?

Sijui. Kwanza ipate harufu ya kitunguu.