Feni Niliyoiosha

Binti yangu, chakula kipo kwenye sufuria, kipashe. Ile kompyuta yako ya magemu usiiwashe kabisa!

Asubuhi nilikutania kwamba inanguruma kama trekta, ukaondoka bila kuaga. Roho ikaniuma. Nikaifungua, nikakuta feni yake imejaa vumbi, nikaiosha kwa sabuni kama ninavyoosha ya sebuleni. Nikairudisha ingali na maji, nikawasha. Ikapiga shoti, moshi ukatoka.

~~Usimwambie baba yako.~~ Mwambie wewe, mimi nimeshindwa.

Memori mpya, uliyotembea kwa miguu mwezi mzima ukibana nauli ili uinunue, iko salama kwenye boksi lake. Jana uliniomba nikushikie tochi uifunge ndani ya kompyuta, nikasema nimechoka.

Leo nitawahi kurudi. Tochi nimeichaji.

Mama