Uzito wa Aliyemuua Mwanetu

Dada yangu mpenzi,

Huku hatujambo. Kitindamimba wangu ameota meno mawili, anang'ata kila kitu, hata sikio la baba yake. Kikohozi chako kimepungua?

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana. Leo naimaliza.

Jana mkuu wa gereza aliniita. "Muuguzi, kampime uzito yule wa chumba cha mwisho. Mnyongaji anataka kilo kamili, apime urefu wa kamba." Wa chumba cha mwisho ndiye aliyemuua mwanao. Miaka sita nimekuwa nikiukwepa mlango wake.

Alipanda mizani pekupeku, akitetemeka hadi mshale ukakataa kutulia. "Sista, nimeongezeka?" akauliza. Alidhani ni mambo ya dawa zake za kifua. Nilikuwa nimejiapiza kumwambia ukweli, aumie. Badala yake nikamshika mkono, dada, mkono uleule, mpaka akatulia. Kilo hamsini na mbili.

Nikamwambia, "Mimi ni mama mdogo wa yule kijana." Akajaribu kuuchomoa mkono wake. Sikumwachia.

Wakili wake anasema mama wa marehemu akiomba asinyongwe, huenda rais akasikia. Imebaki wiki moja. Sikuombi umsamehe, hata mimi sijamsamehe. Fomu imo ndani ya bahasha hii. Ukiichana, sitakulaumu.

Ila mahali pa ndugu wa marehemu nimeshatia sahihi yangu. Nilitaka ulisikie hilo kutoka kwangu.

Ni mimi mdogo wako, kama bado utapenda kuniita hivyo.