Kiondo cha Zambarau

Kyalo,

Nimekalia kile kigoda chako chenye mguu mmoja mfupi, ule ulioniambia kwa miaka sita kwamba utautengeneza kesho. Bado ni mfupi. Siku hizi mkaaji ni mimi, jioni nikitoka shule na Jumamosi mchana kutwa, na ungeona vile mwili wangu unavyomwagika pande zote ungecheka mpaka ushike nguzo ya kibanda. Watu wa hapa Salama wananiletea pancha. Si kwamba najua kazi, ni kwamba hakuna mwingine. Wiki jana nilibandika kiraka safi kabisa, kimekaa vizuri, hakina hata kunyanzi, mahali ambapo hapakuwa na tundu. Mwenye baiskeli aliisukuma mpaka kwao. Hata hakunitukana. Alisema tu, "Mwalimu, tunamkumbuka Kyalo," akaenda zake.

Yule mama muuza nyanya hapa kando bado anakiweka kikombe chako cha chai. Hataki nikitumie. Mimi ananipa chai kwa kopo tupu la majani ya chai.

Basi. Nimezunguka vya kutosha, na wewe hukupenda mtu azunguke. Nimesema uongo juu ya kifo chako, Kyalo. Nimeusema mbele ya chifu na watu wote, na umekubaliwa. Nataka uusikie kutoka kwangu mwenyewe.

Uliniandikisha kwenye yale mashindano ya baiskeli bila kuniuliza. Ulisema kila mbio inahitaji mtu wa mwisho, na nisipokuwepo kuna maskini mwingine ataaibika. Ndivyo ulivyokuwa. Hata jina la Gunia ni wewe uliyenipa, siku nilipokalia keria ya baiskeli yako spoki tatu zikakatika kwa mpigo, na sasa hata wanafunzi wangu wanalijua. Wewe ulitaka zawadi, ile baiskeli ya milima yenye gia kumi na nane iliyozungushwa sokoni juu ya pikapu kama bibi arusi. Hukutaka hata kuipanda. "Nikiishinda," ulisema, "siku ya kwanza naifungua yote, nione roho yake iko wapi." Na ungeishinda. Wewe na blakimamba yako, ile baiskeli nzito ya chuma, yenye tairi la nyuma lililoshonwa kwa waya.

Unakumbuka asubuhi ile? Tulikuja saa mbili kama tulivyoambiwa, tukaanza saa tano, kwa sababu mgeni wa heshima alikuwa bado anakunywa chai mahali. Namba zilikuwa za karatasi ya manila, nadhani kutoka kabati la shule yangu mwenyewe, na tulikuwa na namba saba watatu. Maji ya kunywa kwenye mlima wa kwanza yalibebwa na punda mmoja, na punda huyo alipoona jua limekuwa kali aligeuza akarudi kwao na maji yake. Alikuwa na akili kuliko kamati nzima. Wale vijana wa Nairobi na Machakos, na helmeti zao na suruali za kubana, walitutazama mimi na wewe, watu wa hapa wawili peke yetu, kama tumekuja kuuza mayai.

Kisha Musembi akapanda juu ya kreti ya soda. Mwenyekiti wa kamati, mwenye duka la misumari na simiti, mtu anayetaka udiwani tangu vyama vingi viruhusiwe. Akatueleza njia sisi waendeshaji peke yetu, watu walikuwa wameshamkimbilia mgeni. "Fuateni nyuzi za zambarau. Mahali pa kukata kona, uzi umefungwa kwenye kichaka upande wa kukata. Usipoona uzi, endelea moja kwa moja." Alisema alizifunga mwenyewe na dereva wake tangu Alhamisi, kuzunguka milima yote ya Kilungu. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Wewe uliushika ule wa kwanza, uliofungwa pale pa kuanzia, ukauviringisha kwenye kidole. Mkonge safi, umesokotwa, umetiwa rangi ya dukani. Ukaniambia, "Gunia, nyuzi kama hizi mtu anazifunga njiani, huku Ukambani? Mamangu akipita hapo, kesho ziko ndani ya kiondo."

Tulicheka, Kyalo. Nilicheka mpaka tumbo likauma. Ni nani hapa hajui kwamba mwanamke wa kwetu hatembei mikono mitupu? Anakwenda sokoni akisuka kikapu chake, anakwenda kanisani akisuka, mpira wa uzi uko kwapani na macho yako barabarani. Tulijua. Tulikuwa hatua kumi kutoka kwa Musembi na hatukumwambia kitu. Tulicheka tu, halafu filimbi ikalia.

Hapo ndipo ninapoamkia kila siku. Si kule chini ulikoanguka. Hapo, kwenye kicheko.

Mengine unayajua nusu, wacha nikupe nusu ile nyingine. Wale wa Nairobi hawakuona uzi wowote baada ya kona ya tatu. Waliendelea moja kwa moja kama walivyoambiwa, na jioni walipatikana Malili, kwenye lami, wakiuliza milima imekwenda wapi. Wewe uliizoea milima, ukajua kwa jumla inakoelekea, ukapotea mbele yetu sote. Mimi nilikuwa nikisukuma. Nilisukuma kupanda na nikasukuma kushuka, kwa sababu breki ulizonifungia nilizionea huruma. Nilijua njia kwa lile tairi lako. Ule mshono wa waya uliacha alama mchangani kila lilipozunguka, kama mguu wa kuku, na mimi nikafuata kuku wangu polepole.

Pale njia panda ya Kwa Mbaluka tulipaswa kukata kushoto, kuzunguka kile kivuko cha saruji kilichobomolewa na mvua. Wewe hukuwa umepita huko tangu mvua. Nilisimama pale kupumua. Kwenye kichaka cha upande wa kushoto hakukuwa na uzi. Kulikuwa na fundo tu la zambarau, dogo kama funza, limeshikwa na mwiba. Na mguu wa kuku ulikwenda moja kwa moja.

Nilikukuta chini, juu ya mawe, baiskeli imekulalia. Ulifungua jicho moja. "Gunia, umefika?" ulisema. "Leo wewe ndiye wa pili." Kisha, baada ya muda, "Uzi sikuuona."

Najua hukuuona.

Wenyeji walileta kitanda, wakakubeba mpaka barabarani. Mimi nilipanda baiskeli yangu, nikashuka ule mlima bila kugusa breki, kwa mara ya kwanza maishani. Ungeniona ungejivunia. Gari lilikuwa moja tu, ile pikapu, na pikapu ilikuwa pale pa kumalizia imefungwa vipaza sauti, kwa sababu mgeni wa heshima alikuwa ameanza kuhutubia bila kungoja hata mshindi. Nilimshika Musembi shati. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, dakika tano tu, amalize." Mgeni alikuwa akiishukuru kamati kwa mipango mizuri. Vipaza sauti vilikuwa na nguvu. Waliokubeba waliniambia baadaye kwamba hata kule juu barabarani, pembeni ya kitanda, hotuba ilisikika neno kwa neno.

Niliporudi na gari walikuwa wamekufunika leso mpaka usoni.

Haya, sasa uongo wangu.

Baada ya mazishi ofisi ya wilaya ilitaka maelezo. Musembi akaandika kwamba kamati iliweka vibao vya mbao, vyenye mishale, kila njia panda, na watu wasiojulikana wakaviiba kwenda kuwasha moto. Vibao! Mtu ana duka zima la misumari na hakugongelea hata kimoja. Lakini nani angembishia? Wa Nairobi na Machakos walirudi kwao. Wa hapa tulikuwa wawili, na mmoja ni wewe. Chifu akatangaza baraza, mimi niwe shahidi. Wiki tatu nilijiandaa. Niliyaandika maneno yote nyuma ya karatasi za mtihani wa darasa la sita, nikayanong'ona kibandani mpaka yule mama wa nyanya akadhani ninasali. Nyuzi. Alhamisi. Dakika tano. Nilikuwa nimvue Musembi nguo mbele ya watu wake wa kumpigia kura.

Halafu mamako akaja.

Huja kila Jumatano, siku ya soko. Hukaa kwenye lile jiwe lako la kugongea rimu na kusuka, haongei sana. Jumatano ile, kabla ya baraza, alitoa mpira wa uzi kutoka kifuani, na uzi ulikuwa wa zambarau. Kiondo chenyewe kilikuwa kimefika nusu. Nikaiweka chini tyubu niliyokuwa nikiibandika. Nikamuuliza polepole, "Mwaitu, mama yangu, nyuzi nzuri hizi umezitoa wapi?"

"Mungu alinipa njiani, mwanangu," akasema. "Zilifungwa vichakani kule Kwa Mbaluka, kama mtu amezisahau. Nilikuwa naenda kwa dada yangu, Ijumaa ile kabla ya Kyalo kuniacha. Nilimwanzia mfuko wa spana. Lile gunia lake la mbolea lilikuwa linaniaibisha."

Alisuka kidogo. Kisha akasema, "Walioiba vibao, mwalimu, sisemi wafe. Nasema Mungu awaonyeshe walichofanya."

Nilijifanya natafuta pampu.

Kwa hiyo elewa mahali nilipokuwa nimesimama siku ya baraza. Mamako alikaa mstari wa mbele, kiondo mapajani, vidole vinakwenda. Musembi alikuwa akitazama viatu vyake, kwa sababu alijua ninajua. Chifu akaniuliza, "Mwalimu, wewe ulipita kule. Vibao ulivikuta au ulikuta vimeng'olewa?" Karatasi yangu ilikuwa mfukoni. Neno lilikuwa moja tu. Ningesema "nyuzi," na yule mama angetazama mapajani mwake.

Nikasema, "Chifu, mimi nilikuwa nyuma sana. Jasho lilikuwa limenijaa machoni. Sikuona kibao, sikuona chochote."

Walicheka, Kyalo. Mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Huyo hata mlima wenyewe hakuuona!" Na mimi nikacheka nao, nikajipigapiga tumbo, unajua vile ninavyofanya. Mamako hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyeegemea ukuta ukasogea. Alikuwa amekuja kusikia rafiki wa mwanawe akimtetea, akasikia mzaha.

Musembi alinifuata mpaka barabarani akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Umesema vizuri, Mwalimu." Mkono ule niliusugua kwa mafuta taa yako ya kuoshea cheni. Harufu ilikwisha siku ya nne. Yeye amepewa kamati ya mashindano ya mwaka ujao. Nasikia kombe wataliita kwa jina lako.

Nimejaribu kumchukia mtu mmoja nimalize. Musembi nimemchukia vizuri, hapo sina shida. Lakini kila nikimaliza naye narudi pale pa kuanzia, hatua kumi kutoka kwenye ile kreti ya soda, watu wazima wawili wanashikana mabega kwa kicheko. Wewe umeshalipa. Mimi nimebaki na pancha.

Jumatano iliyopita mamako alikimaliza. Ni kizuri, sikudanganyi. Mstari wa zambarau umekizunguka katikati, umenyooka kama umepigwa rula. Bado hajanisamehe siku ya baraza, anaongea na mimi akitazama barabara. Lakini alichukua spana zako moja moja kutoka kwenye gunia la mbolea, akazipangusa kwa leso, akazitia ndani. Akakitundika mwenyewe kwenye msumari juu ya kichwa changu. "Usikiweke juani," akasema. "Rangi itapauka."

Nakiweka juani, Kyalo. Kila nikifika nakihamisha, nakitundika pale nje kwenye mlingoti wa kibanda ambapo jua linapiga mpaka jioni, nikiomba ile zambarau iwe kijivu kabla mtu mwenye kumbukumbu hajapita. Jumatano asubuhi nakirudisha kivulini. Ameanza kunigombeza kwamba rangi za siku hizi hazidumu.

Lakini lile fundo nililolitoa kwenye mwiba halijapauka. Liko ndani ya kopo lako la viraka, limefungwa kwa karatasi. Nakuahidi hivi. Siku tutakapomlaza mamako kando yako, nitalichukua fundo hilo, niende nalo mbele ya Musembi, awe diwani au awe nani, watu wakiwa wamejaa, na nitayasema yote, hata ile sehemu ya kicheko. Karatasi ya mtihani bado ninayo.

Mpaka hapo mimi ni yule mwalimu asiyeona. Na kila Jumatano, nikimwona anapanda kuja kwenye jiwe lako, mpira wa uzi kwapani, namwombea miaka mingi. Naomba ainywe chai yangu mbaya ya kopo mpaka mimi ndiye nitangulie kufa, na ukweli wako unipite bila kusemwa. Uniwie radhi kwa ombi hilo. Wewe ungeliomba pia.

Lala, fundi. Kigoda nitakitengeneza kesho.

Mimi, wa pili wako,
Gunia