Kikamba cha Pili cha Mama Yuliana

Mama Yuliana,

Barua hii nitakusomea mwenyewe kaburini, kwa sauti, kama nilivyokuwa nikikusomea orodha yetu ya wagonjwa kila Jumamosi. Hukujua kusoma hata herufi moja, lakini nikiruka jina ulinishika palepale. Basi leo siruki kitu.

La kwanza: nyumba ya dawa imejengwa Walikale, na ina bati. Ulisema hawataweka bati, wataweka majani kama kawaida yao. Pole, hapo ulikosea. Vidonge vinafika kila mwezi, na watu wa msituni wanakuja kuvichukua mchana kweupe. Yule mwindaji aliyekuwa akijifunika uso kwa kikwembe, kitenge cha mke wake, sasa anakaa mbele kabisa na kulalamika kwamba anacheleweshwa. Ningependa umwone.

Unakumbuka tulivyoanza. Daktari wa serikali alikuwa akichagua kila nyumba ya kumi kando ya barabara, anakagua ngozi za watu, na mimi infirmiye wake, muuguzi, naandika. Walikale nzima tukapata wagonjwa wa ukoma watatu. Akasema nyumba ya dawa itajengwa kwingine, penye wagonjwa wengi. Mimi nilikubali, maana hesabu ilikuwa safi na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Wewe ulikuwa umekaa nje ukingoja dawa ya vidonda, ukaniita kwa kile kidole chako kifupi. "Muganga, ku barabara kunakaa benye miguu mizima. Siye tunakaa nyuma." Nilirudi kwa daktari nikamwomba, naye akanipa kiangazi kimoja nimwonyeshe hao wa nyuma.

Nilianza vibaya, ukanicheka mpaka ukafuta macho. Nilitangaza kijiko cha chumvi kwa kila atakayeleta mgonjwa. Mzee mmoja wa Kibabi akaniletea ukoo wake mzima, pamoja na shemeji mwenye upele na binamu aliyeungua na uji utotoni. Niliwaandika karibu wote. "Umepata jamaa moja," ukaniambia, "unasema umepata nchi yote."

Ndipo ukakata nyuzi za raffia, ukazipaka rangi nyekundu, ukafunga fundo lako ambalo hakuna mwingine aliyeliweza. Vidole havikushika vizuri, ukalikaza kwa meno. Kila mgonjwa tuliyempata alipewa vikamba viwili, awape wagonjwa wenzake wawili anaowajua yeye mwenyewe. Mwenye kikamba alichagua mahali pa kukutana nami, shambani au mtoni, popote mbali na barabara, na nikishakagua ngozi yake alipata chumvi. Watu waliomba zaidi. "Hata akilia, mbili," ulisema. Hivyo hakuna mwenye mdomo mkubwa aliyejaza daftari langu na ndugu zake, na vikamba vililazimika kwenda mbali, kutoka kwa rafiki hadi kwa rafiki wa rafiki, mpaka kwenye vibanda ambavyo hata chifu hakuvijua. Tulianzia sehemu tatu: kwako Walikale, kwa mrina asali mmoja wa milima ya Kibabi, na kwa mama mfinyanzi wa upande wa Kirotshe.

Halafu lile swali lako. Ulitaka nimuulize kila mtu anajua wenzake wangapi. Nilidhani ni umbea tu, Mama, unisamehe. "Mwenye anajulikana na bengi atakuya tu, leo ao kesho. Mwenye anajulikana na moja, huyo njo wa kuhesabu na nguvu. Nyuma yake kuko bengine benye hatuyaona." Nikatenga safu ya swali hilo daftarini, ili asiyejulikana na wengi ahesabiwe kwa uzito zaidi. Daktari alikaa na safu hiyo asubuhi nzima, akavua miwani, akaniuliza nani kanifundisha. Sikusema "mgonjwa mmoja". Nilitaja jina lako na la baba yako, nikamwambia ayaandike. Najivunia asubuhi ile kuliko cheti changu.

Tuliacha kutafuta siku kikamba kilichoanzia Kibabi kilipofika kwa yule mwindaji wa Walikale, ambaye chako kilikuwa kimeshamfikia. Kila jina jipya lililoletwa tulikuwa nalo tayari. Ukasema, "Kamba zimesalimiana. Inatosha."

Haikutosha, na ulijua.

Kati ya vikamba vyako viwili ulitoa kimoja tu. Cha pili kilikaa miezi yote kwenye pindo la kikwembe chako, na nilipokiuliza ulijibu, "Kinangoya." Na kila Jumapili baada ya misa ulifunga mihogo kwenye majani, mafungu mawili, nami nikakutania kwamba tumbo lako lina wapangaji. Ulicheka nami. Kisha kifua kikakuchukua kabla bati halijapigwa msumari.

Wiki iliyopita mwanamke alikuja kwenye nyumba ya dawa, peke yake, miguu imefungwa matambara. Alininyooshea mkono wenye kikamba. Kikamba kimefifia, lakini fundo ni lako, na alama za meno zipo. Na uso, Mama Yuliana, uso ni wako. Anaitwa Vumilia. Ameishi miaka yote ng'ambo ya mto, penye shamba dogo ulilomlimia, na ulimwachia kikamba ukamwambia asitoke mpaka asikie kwamba dawa imefika na bati lipo.

Nilikasirika. Tulikuwa tukila sahani moja, ukanifundisha kutafuta kila aliyefichwa, na binti yako mwenyewe ukamficha hata mimi nisimjue. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira, halafu nikalia tu. Ulikuwa umeona ahadi nyingi za serikali zikiishia kwenye majani. Na kikamba hukukitupa.

Nilimkagua, nikampa vidonge. Kisha nikamuuliza swali lako: unajua wenzako wangapi?

"Moja," akasema. "Na alishakufa."

Jibu hilo nimeliandika kwa kukandamiza kalamu, mpaka ukurasa wa chini umepata alama. Na kwa kuwa ulinifundisha, nimefungua daftari upya. Mwenye kujulikana na mmoja ana wengine nyuma yake, na ng'ambo ya mto ule sisi hatujawahi kufika. Nimempa Vumilia vikamba viwili. Fundo nimelifunga mimi, baya sana; alilitazama akacheka kicheko chako, akalifungua, akalifunga upya kwa meno.

Pumzika, Mama. Kesho tunavuka mto, yeye mbele, mimi na daftari nyuma. Jina lake nimeliandika chini ya lako, na safari hii lako nalo limehesabiwa, maana wewe ndiye yule mmoja wake.

Mwanao wa dispansere,
Petero