Kahawa ya Mama

Jumapili, Chapwa

Nimemdanganya mama, na uongo wenyewe ulinitoka kirahisi mno.

Leo nilikwenda Hasamba kumwonyesha picha za ile ziara yetu ya wakulima Italia: vichochoro vya mawe, maua madirishani, bahari. Akazipitia harakaharaka.

"Kahawa yangu waliipenda?"

Aliikaanga na kuitwanga mwenyewe, akaifunga kwenye kipande cha kanga niwapelekee wenyeji wetu. Kule, nilipoona mikahawa yao na vile vikombe vidogo, nikaionea aibu. Nikaiacha kwenye kabati la hoteli. Mjinga kabisa mimi.

"Waliimaliza yote, mama."

Akapiga kigelegele! Kisha akaniletea kifurushi kingine alichokitayarisha tangu jana. "Basi watumie na hiki."

Sasa kiko hapa mezani, chumba kizima kinanukia. Amekata tena kanga yake ile nzuri.